Mjane Haitiki Wito

Mkono wa Katungu ungali juu ya kitasa cha chumba cha kumi na nne, pale pale tulipouacha juma lililopita, na sauti ingali inamwita kutoka ndani ya ukuta.

"Katungu... Katungu... Unanisikia, mama?"

Haikuwa sauti ya kubahatisha, msomaji. Ilikuwa sauti ya Ignace, mumewe, muuza vitenge na chumvi kwa jumla, ambaye ukoo mzima ulimlilia matanga mwaka jana bila ya kuiona maiti yake. Ni yeye kwa kile kikohozi kifupi kabla ya kila sentensi. Ni yeye kwa namna alivyolivuta jina la mkewe mwishoni, kama mtu anayeita kuku warudi bandani.

Katungu hakuitika.

Alifanya kama alivyofundishwa na shangazi Annette, shangazi wa mumewe, siku ile aliyofungwa kilemba cheusi. "Marehemu atakuita," shangazi alimwonya huku akikaza fundo. "Atakuita sokoni, atakuita ukiteka maji, atakuita ukikoroga ugali. Katika ukoo wetu, kabla ya msiba kuondolewa, mjane haitiki. Ukiitika, umemfuata. Uma kitambaa chako, nyamaza, mwache apite."

Basi akaushika upindo wa kile kilemba, akautia kinywani, akauuma kwa nguvu zake zote.

Anayeanza nasi leo na ayajue haya machache. Huu ni mwaka wa elfu mbili, mjini Kisangani. Majeshi mawili ya kigeni yameugawana mji: moja limekaa upande huu wa daraja la Tshopo, la pili limekaa ng'ambo, na bunduki zao zinatazamana. Njia ya mto hadi Kinshasa imefungwa tangu vita kuanza. Ignace alikwenda Kinshasa kutafuta bidhaa, vita vikamkuta huko. Mwaka wa pili, Clovis, mdogo wake, mwenye kuwauzia askari mafuta ya magari, akaleta habari kwamba kipindupindu kimemuua na amekwisha kuzikwa. Hakuleta nguo yake. Hakuleta hata picha ya kaburi.

Jumamosi hii ukoo utaondoa msiba. Jumamosi hiyo hiyo Katungu atatiwa mkononi mwa Clovis awe mkewe, yeye na binti yake Patricia, mwenye miaka tisa.

Ndipo uvumi ulipofika sokoni: wapitao mchana karibu na Hoteli Vieux-Port humsikia mwanamume akilia, "Katungu, Katungu." Hoteli hiyo Wabelgiji waliijenga karibu na bandari, mji ulipokuwa ungali Stanleyville. Husemwa kwamba wakati wa maasi ya mwaka wa sitini na nne wageni walifungiwa vyumbani mwake wasitoke wakiwa hai, na kwamba tangu hapo haijapata kutulia. Askari wa kigeni walioigeuza kambi waliihama kabla ya juma kwisha, wakaacha hata masufuria yao jikoni.

Katungu alikuja kwa neno moja tu. Ikiwa mzimu wa Ignace uko humu, basi Ignace amekufa kweli, naye atainamisha shingo Jumamosi. Ikiwa haumo, atasimama mbele ya wazee wote aseme hapana.

Sasa ameusikia.

"Simone," aliita kwa sauti ya chini, kitambaa kikiwa kingali kati ya meno. "Umesikia?"

Simone, mwanamke wa Wagenia, muuza samaki wa moshi ambaye meza yake inapakana na ya Katungu sokoni, alikuwa amesimama kichwani mwa ngazi, rozari imevizunguka vidole vyote vya mkono.

"Sikusikia kitu! Sikusikia, na sitaki kusikia!"

"Umesikia, Simone."

"Bon, nimesikia! Bwana yako analia ndani ya ukuta, sasa unataka nifanye nini, nimupikie lituma ya ndizi? Tuende, ndugu yangu. Kile ulifuata hapa umekipata. Iko mufu. Tutamulilia kule mbele, kwenye kuko watu."

Nje, mvua ya alasiri ilianza kuyapiga mabati yaliyooza. Mwanga katika ukumbi ule mrefu ukafifia, ukawa wa rangi ya majivu.

Katungu aliuachilia mlango. Alipiga hatua moja kuelekea ngazini.

"Katungu!" sauti ikapaa. "Hii ni mara ya mwisho. Clovis aliniambia umekufa. Aliniambia bomu liliangukia nyumba, mkazikwa pamoja, wewe na mtoto. Sikumwamini. Nimeita juzi, nimeita jana. Kama uko hai, sema neno moja."

Katungu akageuka.

Amekufa nani?

Alikumbuka mapigano ya mwaka jana, nyumba ya jirani ilivyopasuka, vumbi, kisha giza. Alikumbuka alivyozinduka chini ya meza. Alizinduka kweli? Tangu siku zile, sokoni watu hawamtazami usoni. Alidhani ni kwa ajili ya kilemba cheusi. Je, kama si kilemba? Je, kama aliyebaki chini ya matofali ni yeye, na huyu anayemwita ukutani ndiye mtu mzima mwenye pumzi zake?

"Simone. Niguse."

"Nini?"

"Niguse mkono! Nione kama nitasikia!"

Simone alisogea kwa kusitasita, akaunyosha mkono wenye rozari, akamgusa kwa ncha za vidole. Papo hapo akaurudisha.

"Yesu! Uko baridi kama samaki mboto ya jana!"

Wote wawili wakapiga ukelele, kila mmoja akimkimbia mwenzake, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa mwembamba wakagongana mabega. Simone akaanguka magotini. Katungu akabaki ameshikilia ukuta, na ukuta ulikuwa unatetemeka.

"...neno moja tu, Katungu," sauti ikamalizia. "A vous."

Kisha ukaja mvumo mrefu, kama wa maji ya maporomoko yakisikiwa kutoka mbali. Na ndani ya mvumo ule, karibu kabisa, mwanamke mwenye sauti nzito ya kukwaruza akafoka:

"Kanyaga, Désiré! Kanyaga, weye! Unalala juu ya kinga kama uko kwa mama yako?"

Kinga, msomaji, ndivyo watu wa mji huu waitavyo baiskeli.

Katungu akautoa upindo wa kilemba kinywani. Habari za mizimu alikuwa amezisikia tangu utoto wake huko Butembo, mizimu ya kila namna, mizimu ya majini na ya msituni. Hakuwa amesikia hata mmoja uliohitaji baiskeli.

Akausukuma mlango wa kumi na nne.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda cha chuma bila godoro, vigae vilivyopasuka, na kabati kubwa la nguo lililoegemezwa ukuta wa kushoto. Kabati lilikuwa linatikisika polepole, kama mtu mwenye homa. Katungu aliifungua milango yake. Ndani hapakuwa na nguo wala mbao za nyuma. Palining'inia gunia tu, na nyuma ya gunia palikuwa na tundu la kumpitisha mtu.

"Katungu!" Simone alinong'ona kutoka mlangoni. "Unaingia mu kabati ya wafu?"

Aliingia.

Hakumaliza hata hatua mbili. Mkono mnene ulimkaba shingoni kutoka nyuma, na kisu cha jikoni kikamgusa chini ya sikio.

"Uko na nani?"

"Na... na rafiki yangu."

"Askari?"

"Hakuna askari."

"Jina yako?"

Kisu hakikuondoka.

"Katungu."

Mkono ukalegea. Katungu aligeuka, akamwona mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, kanga kifuani, vyombo vya kusikilizia vikimning'inia shingoni kama mkufu. Walikuwa ndani ya bafu la chumba cha jirani, ambalo mlango wake ulikuwa umezibwa kwa matofali. Juu ya beseni la kuogea pamelazwa ubao, na juu ya ubao kulikuwa na kisanduku cha kijani chenye spika na sindano ya kutetema: mashine ya foni, ile redio ya kusemea watu wa mbali. Kando yake palikuwa na betri ya gari. Pembeni, juu ya baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, mwanamume kifua wazi alikuwa anakanyaga kwa nguvu, na mkanda ukiizungusha dinamo ya lori.

Mwanamke yule, ambaye jina lake ni Delphine, alijipiga paja kwa kofi.

"Sasa mbona haukuitika? Siku tatu bwana yako anakuita! Nilijua habari itakufikia kule soko, kwa maana wanawake wa soko ni foni kupita hii yangu. Leo nimekuona kwa dirisha, mujane na kilemba cheusi, nikasema, ndiye huyu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikangoja upige kelele moja tu, nifungue. Alors? Ukasimama kule kama nguzo ya umeme!"

"Nilidhani amekufa."

"Mufu anasema a vous?"

Désiré, juu ya baiskeli, alicheka kwa kuhema. Katungu hakucheka. Aliketi juu ya ukingo wa beseni.

"Yuko hai?"

"Sasa hivi alikuwa hai."

"Yuko wapi?"

"Kinshasa. Ila kesho asubuhi anavuka ngambo, Brazzaville, na kutoka pale ataenda mbali. Anasema, nisiposikia sauti yake leo, sina tena mutu nchi hii." Delphine aliitazama ile sindano. "Sasa amefunga, mama. Amekwenda zake."

Ule ukimya wa Katungu, uliopaswa kumkinga na kaburi, ulikuwa umemzika yeye mwenyewe mara ya pili.

"Mwite," alisema.

"Haiwezekani. Foni imekatazwa mji muzima. Wakikukamata nayo, weye ni mupelelezi, na mupelelezi hangojeki. Ndio maana niko hapa. Muzimu ndiye sentinelle yangu, mulinzi yangu: halewi, halali, na askari wanamuheshimu. Lakini ndani ya hewa hakuna muzimu wa kunilinda. Camp ya askari inasikiliza. Tukisema sana, watatusikia."

"Mwite, yaya, dada yangu. Nakuomba. Jumamosi wananitia kwa mtu aliyetuzika sote wawili."

Delphine akamtupia kipaza sauti, kidogo kama sabuni iliyokwisha, na kuanza kuvigeuza vifungo.

"Unabonyeza, unasema, unaachia. Ukimaliza unasema a vous, ni kumupa zamu yake. Désiré, kanyaga!"

"Ninakanyaga, mama, miguu ndiyo inakataa."

Wakati huo gunia lilifunguka, na Simone akatokea kwa magoti, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Usiitike!" alisihi. "Katungu, ndugu yangu, ngoja Jumamosi ipite! Na kama wanamuiga sauti? Shangazi Annette alisema nini?"

Msije mkamcheka, wasomaji. Katungu alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kubishana na wanajeshi barabarani hadi wakamrudishia mzigo wake. Lakini lile alilofungiwa pamoja na kilemba halikuwa la kuvuliwa kama kiatu. Alikibonyeza kifungo na ulimi ukakauka. Akakiachia. Akakibonyeza tena. Jasho lilimtoka chini ya kile kitambaa cheusi.

"Ignace," alisema mwishowe.

Alingoja afe. Hakufa.

"Ignace, ni mimi. Katungu. Niko hai. A vous."

Mvumo. Tena mvumo. Delphine akainamisha sikio kwenye spika, na Katungu akaona nyusi zake zikipanda.

"Iko pale," alinong'ona. "Amefungua. Ninasikia anahema. Sasa mbona hasemi?"

Ndipo Katungu alipoelewa. Kule Kinshasa, mbele ya mashine kama hii, kulikuwa na mwanamume wa ukoo ule ule, aliyelelewa na shangazi yule yule. Ameambiwa mkewe amezikwa. Sasa mkewe anamwita kwa jina.

Ignace hataitika. Ataketi pale, atanyamaza, atamwacha apite. Kisha kesho atavuka mto.

Akakibonyeza kifungo kwa nguvu hata ukucha ukawa mweupe.

"Ignace! Itoe hiyo kola ya shati kinywani!"

Delphine akamkodolea macho.

"Itoe, ninakujua! Mzee mzima unatafuna shati kama mbuzi! Mimi sikufa. Aliyekufa angekwisha kukusamehe, mimi sijakusamehe. Uliondoka na ufunguo wa depo ya vitenge mfukoni, nikavunja kufuli kwa shoka mbele ya majirani kama mwizi! Ulisema majuma mawili. Majuma mawili, Ignace! Mtoto ameng'oka meno ya mbele, ameota mengine, na wewe huko Kinshasa unakaa na kukohoa! Unakunywa dawa? Hunywi! A vous!"

Kwanza hakuna kitu. Kisha kikohozi. Kikohozi kikageuka kicheko, kicheko kikapasuka katikati, kikawa kilio cha mwanamume asiyejua kulia.

"Ni yeye," Ignace alimwambia mtu aliyekuwa kando yake huko aliko. "Jamani, ni mke wangu. Hakuna muzimu wa kugomba namna hii."

Simone alikaa chini, akalia kwa sauti. Désiré aliachia mikono yote miwili, akapiga makofi huku akikanyaga. Hata Delphine alijipangusa pua kwa kanga.

"Mtoto?" Ignace aliuliza. "Patricia? A vous."

"Mzima. Yuko shuleni kwa masista. Clovis ndiye aliyeniambia umekufa. Alilia mbele ya watu, Ignace, akajigaragaza chini. Jumamosi wananipa kwake. A vous."

Ignace aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nisikilize vizuri. Sivuki tena. Lakini wewe usirudi nyumbani. Mchukue mtoto huko shuleni, sasa hivi, upite daraja la Tshopo, uende Banalia kwa René, yule aliyekuwa akituletea mpunga. Clovis hana nguvu ng'ambo ya daraja, kule ni jeshi jingine. Kaa kwa René, nami nitatafuta njia ya kukufikia. Umenielewa? A vous."

Katungu alifungua kinywa ajibu.

"Bien reçu, nimepata habari," mtu akajibu kabla yake.

Hakuna aliyetikisika bafuni. Sauti ile haikuwa na mvumo. Haikuwa na umbali wowote. Ilijaa ndani ya spika, safi, kama ya mtu aliyeketi kati yao.

"Banalia, kwa René. Bien reçu, yaya Ignace, kaka yangu. Siku tatu ninakusikia unamuita. Na wewe, shemeji, habari ya mchana."

Clovis.

"Ni foni ya camp," Delphine alisema kwa midomo tu. "Karibu. Karibu sana."

"Shemeji," Clovis aliendelea kwa upole ule ule aliozoea kuutumia kanisani, "sipendi uhangaike na mvua hii. Uniambie tu uko wapi, nije nikuchukue na gari. Tuongee kama ndugu. A vous."

Delphine alimshika Katungu kiwiko.

"Hajui mahali," alinong'ona. "Amesikia sauti tu. Nyamaza, nikate waya, tutoke kwa nyuma."

"Ukikata nitampoteza Ignace!"

"Usipokata nitapoteza kichwa!"

"Hausemi?" Clovis aliuliza. "Bon. Kuna mutu mwingine hapa, labda yeye utamujibu."

Kitu kilikwaruza spikani. Mtu akapumua karibu mno na kipaza sauti, kama afanyavyo asiyekizoea.

"Mama?"

Simone akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi Patricia. Tonton Clovis alikuja asubuhi kunichukua shuleni na gari ya askari. Sista alikataa, kisha akakubali. Tonton amenipa biskuti. Anasema nikuulize uko wapi." Sauti ikasogea mbali, ikanong'ona: "Nimesema vizuri, Tonton?" Kisha ikarudi. "A vous."

"Katungu, usiitike!" Ignace alipiga kelele kutoka ng'ambo ya misitu yote ile, sauti ikikatikakatika. "Usimwambie! Wakikupata... foni... watawaua wote! Usiitike!"

"Mama, unanisikia?" Patricia aliuliza tena. Safari hii palikuwa na kilio chini ya maneno. "Tonton ananishika mkono kwa nguvu."

Delphine alikwisha kuuweka waya juu ya makali ya kisu. Katungu akamzuia kwa mkono wa kushoto. Akilini mwake mji mzima ulijinyosha kama kitenge mezani: bandari, soko, kambi, kanisa, daraja. Ni wapi ambapo Clovis hawezi kufika? Ni wapi ambapo askari wake hawathubutu kuikanyaga barabara, hata atalazimika kumwacha mtoto na kurudi?

Clovis amekwisha kuisikia Banalia. Ataamini.

Akabonyeza.

"Nakusikia, mwanangu. Usilie. Mwambie tonton wako amechelewa. Nimefika daraja la Tshopo. Niko katikati ya watu, ninangoja kuvuka. Mwambie akurudishe kwa masista, nami nitakutafuta. A vous."

Delphine aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima. Huyu mjane ni mtu. Clovis ni mwoga anayejulikana mji mzima; daraja lile hatalisogelea. Atatukana, atarudi kambini, na wao watapata nafasi ya kuwahi shuleni.

Katungu akakiachia kifungo.

"Darajani," Clovis alisema. "Bien reçu, shemeji. Usivuke. Tunakuja. Nitamuketisha mtoto mbele, kando ya dereva, ili wale wa ng'ambo wamuone vizuri kabla ya kufyatua."

Katungu akainuka ghafla.

"Hapana," alisema. Hakuwa amebonyeza. Akabonyeza. "Hapana! Clovis! Siko darajani! Nimedanganya, siko pale! Niko Vieux-Port, hotelini, nimesema niko hoteli ya wafu, njoo unichukue! A vous!"

Delphine hakumzuia.

Kule kambini walikwisha kuondoka kwenye mashine.

"Ignace, unanisikia? Ulimsikia anavyosema? A vous!"

Ignace alikuwa anajibu, lakini betri ilikuwa inakufa na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Désiré alisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote. Kwa mbali, nje, ngurumo ikaviringika juu ya mji.

"Mvua inazidi," Simone alisema, apate tu kusema neno.

Delphine aliinua kichwa. Alikaa amekiinua hivyo, kinywa wazi, kama walivyozoea kukaa mwaka jana watu wote wa Kisangani, wakihesabu kwa masikio.

Ngurumo ya pili ikaja. Vigae vya bafu vililia ukutani.

"Ile si mvua," alisema. "Ni upande wa daraja. Wameanza kupigana."

Katungu alikuwa amekwisha kulipita gunia, kilemba kimebaki kimenasa kwenye msumari wa kabati. Walisikia miguu yake ikishuka ngazini, kisha sauti yake mitaani, chini ya mvua, akilipeleka jina la mwanawe kule ambako watu wote walikuwa wanakukimbia.